Magati ya kale ya Uingereza: tazama maji kwanza, jua baadaye

Swali la msomaji: "Asalaam aleikum mwalimu. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Coventry mwaka wa nne sasa. Nimenunua kamera ya mtumba, lenzi moja ya 24-70 na tripodi ya bei ya chini. Nataka kuanza kutembelea yale magati ya zamani ya chuma yanayoingia baharini niyapige picha. Nina likizo ya siku tano Februari na wiki moja mwezi wa sita, gari sina. Nianzie wapi? Na mbona kwenye picha za wenzangu maji yanakuwa kama moshi? Na yale ya kwenye maziwa ya Uskoti, yanafaa au nipoteze nauli bure?"

Waaleikum salaam mdogo wangu. Swali lako limenifurahisha kwa ajili ya hiyo Tanga, mana mtu aliyekulia Tanga tayari anakijua kitu ambacho wapiga picha wengi wa huku kinawachukua miaka kukijua, nacho ni maji. Kupwa na kujaa, bamvua (maji makubwa ya mwezi ukiandama au ukiwa mpevu) na maji mafu (madogo ya katikati). Huku watu wanaangalia jua linazama saa ngapi, basi, wanapanda treni, wanafika wanakuta maji yamejaa mpaka juu, gati limekaa kama meza iliyofunikwa kitambaa mpaka chini, mguu hata mmoja hauonekani. Na gati bila miguu ni nini? Ni barabara tu yenye kibanda cha chipsi mwishoni. Mimi mwenyewe yalinikuta hayo mara ya kwanza nilipokwenda Clevedon, nimetoka Bristol na basi, mvua, nimefika najidai na kamera yangu mpya, maji juu, nikarudi na picha za kibanda.

Kwa hiyo jibu langu fupi ni hili: chagua siku kwa kalenda ya maji, alafu ndo uchague gati, alafu ndo uangalie jua. Sasa nikueleze kwa nini, mana ukielewa kwa nini hutohitaji kuniuliza tena.

Haya magati hayakujengwa kwa ajili ya kula aiskrimu. Mwanzoni meli zilikuwa zinaleta watu pwani na maji yakipwa meli haiwezi kusogea, abiria wanabebwa. Pale Ryde, kisiwa cha Wight, watu walikuwa wanashushwa mbali wanapandishwa mgongoni kwa wapagazi, wanavushwa kwenye matope, ndo wakajenga gati 1814, na hilo lipo mpaka leo, ndio kongwe kuliko yote ya aina yake, na treni inapita juu yake mpaka mwisho kabisa. Kwa hiyo urefu wa gati unakwambia maji ya pale yanakwenda umbali gani. Southend, kwenye mdomo wa mto Thames, gati lina kilomita 2 na ushee, refu kuliko yote ya starehe duniani, na watu wanadhani ni majivuno tu ya wazee wale, kumbe ni kwa sababu maji yakipwa pale unabaki na uwanja wa matope hadi macho yanaishia. Limeungua mara kadhaa, 1959, 1976, 2005, na 1986 meli ililipasua katikati, lakini bado limesimama. Kwa picha siyo pa kuanzia, ni refu mno halitoshi kwenye fremu, ila kama unataka kupanda kitreni juu ya bahari nenda, ni saa moja hivi kutoka London.

Alafu walipokuja na chuma mambo yakabadilika. Mtu wa kumjua hapa ni injinia Eugenius Birch, alizaliwa 1818 akafa 1884, amejenga magati 14. Yeye ndo alitumia nguzo za chuma zenye skrubu chini kule Margate miaka ya 1850, yaani nguzo haipigwi nyundo, inazungushwa inajikaza yenyewe kwenye mchanga kama parafujo kwenye mbao. Ndo mana miguu ya magati mengi ni myembamba hivyo, na wembamba huo ndo unaokuita wewe na kamera yako.

Sasa twende kwenye siku zako tano za Februari. Ntakuambia kitu ambacho sikukisoma popote kwa urahisi, nimekijua kwa kukaa pwani na daftari. Kwenu Tanga unajua kabisa siku za bamvua maji yanakupwa saa nne asubuhi hivi, kila mwezi hivyo hivyo, mama zetu wa mwani na wanaokwenda kuokota chaza wanajua bila kuangalia saa. Basi na huku kila bandari ina saa yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku moja mbili baadaye, Brighton, mji wa pwani ya kusini, maji yanakupwa saa kumi na moja kumi na mbili jioni. Na jua la Brighton katikati ya Februari linazama saa kumi na moja na robo hivi. Umeona? Bamvua ya Februari inakupa mchanga, miguu na machweo vyote kwa pamoja. Ukienda wiki ya maji mafu, saa hiyo hiyo ya machweo maji yanakuwa yamejaa na wewe umebaki juu kwenye kokoto. Kwa hiyo omba likizo kwa kufuata mwezi, mwambie bosi wako chochote.

Brighton ina magati mawili ya kuangalia, moja zima na moja maiti. Lile zima ni Palace Pier la 1899, mita 524, mataa, bembea, kelele, harufu ya donati. Lile maiti ni West Pier, kazi ya huyo huyo Birch, 1866, lilifungwa 1975, likaanza kuanguka mwishoni mwa 2002, na 2003 likaungua mara mbili, limebaki gofu la chuma katikati ya maji, limekatika na nchi kavu kabisa. Ufukweni mbele ya mnara wa i360 wameacha nguzo zake zimesimama kwenye kokoto, safu mbili, na watu wote duniani wanapiga picha ile ile, safu mbili zinakwenda mpaka kwenye gofu. Ipige, usione haya, kila mtu anaipiga. Alafu ukishaimaliza teremka mchangani maji yakiwa chini kabisa, sogea upande wa magharibi au mashariki mpaka gofu lile liwe peke yake na upeo wa bahari nyuma yake, bila nguzo, bila mnara. Hiyo ndo picha yako.

Na usiondoke jua likizama, subiri ndege wanaoitwa kwezi. Majira ya baridi, kama Novemba mpaka mwanzoni mwa Machi, kwezi maelfu kwa maelfu wanakuja kulala chini ya Palace Pier, na kabla hawajalala wanaruka pamoja wanafanya maumbo angani, kundi linavimba linabanwa linapinda kama moshi wenye akili. Hapo sahau mambo ya maji kuwa moshi, shata yako iwe 1/500 au zaidi ukitaka ndege mmoja mmoja, au 1/15 ukitaka waache michirizi. Punguza mwanga stopu moja, yaani nusu, wawe weusi juu ya anga. Na simama kwenye Palace Pier lenyewe ukitazama magharibi, wanakupita kichwani na mabawa yao unayasikia. Vaa kofia, ntaishia hapo.

Toka Brighton njoo huku kwetu magharibi, Clevedon. Treni haifiki, reli ile walishaifunga 1966, unashuka Bristol unachukua basi. Kama ungekuwa na siku moja tu maisha yako yote ningekwambia Clevedon. Lilifunguliwa 1869, na ile miguu yake myembamba inayopinda kama mbavu imetengenezwa kwa vyuma vya reli, reli za aina ya Barlow zilizokuwa zimebaki baada ya kung'olewa kwenye reli ya Wales kusini, yaani chuma chakavu, mdogo wangu, mtumba, na ndo limetoka gati zuri kuliko yote nchini. Oktoba 1970 watu wa bima walitaka lipimwe uzito, wakaweka matangi ya maji juu ya sakafu, vipande viwili vya mwisho vikaporomoka baharini. Halmashauri ikataka kulivunja, watu wa mji wakakataa, mshairi John Betjeman naye akaenda kulitetea, wakachangishana miaka na miaka, likafunguliwa tena 1989 na kichwa chake kikamalizika 1998. Unapotembea juu utaona vibao vidogo vya shaba vyenye majina, hao ni watu waliochangia. Piga na hivyo, kwa karibu, jioni vinang'aa.

Bahari ya Clevedon siyo ile unayoijua. Kwenu bamvua ikizidi sana ni mita nne hivi, pale inaweza kufika mita 13 mpaka 14, ni kati ya kubwa kabisa duniani, na rangi yake ni chai ya maziwa. Saa zake pia ni kinyume na Brighton: siku za bamvua pale maji yanakupwa saa saba saa nane mchana, na yanajaa saa moja mbili asubuhi na usiku. Maana yake Februari ukifika saa saba mchana utaona miguu yote mpaka kwenye matope, mirefu inatisha, alafu ukikaa na chai yako maji yanapanda mbele ya macho, na saa ya machweo yameshafika katikati ya miguu. Hapo ndo pa kuvaa filta ya giza.

Hiyo filta ndo jibu la ule moshi wako. Hakuna uchawi. Ni kioo cheusi unakiweka mbele ya lenzi, kinazuia mwanga, kwa hiyo shata inabidi ikae wazi muda mrefu na mawimbi yanajifuta yenyewe. Nunua ya stopu 10. Kama bila filta ulikuwa unapiga 1/30, ukiivaa inakuwa sekunde 30 na kidogo. Weka fokasi kabla hujavaa alafu uzime otomatiki, mana ikishavaliwa kamera haioni kitu. ISO 100, tundu f/8 mpaka f/11, tumia taima ya sekunde mbili usiiguse kamera kwa mkono. Maji ya Clevedon kwa vile ni ya kahawia yanatoka kama hariri ya kahawia, wengine wanageuza nyeusi na nyeupe, mimi naona wanajinyima.

Kosa moja la watu wengi: wanaweka tripodi juu ya gati lenyewe. Mbao zile zinatetemeka, mtoto akipita anakimbia umbali wa mita 20 picha yako ya sekunde 30 imekwisha. Piga kutoka nchi kavu, au subiri kusiwe na mtu. Na mchangani ikandamize miguu ya tripodi mpaka ikae, wimbi likipita linachimba chini yake inazama taratibu wewe hujui.

Jirani na hapo, Weston-super-Mare, kuna Birnbeck, la Birch tena, 1867, gati pekee nchini linalounganisha nchi kavu na kisiwa. Limefungwa tangu 1994, bovu, halmashauri imelinunua 2023 ili lifufuliwe. Usiingie. Piga kutoka juu kwenye bustani ya Prince Consort, panatosha. Na sikiliza vizuri hapa, mana nyie watu wa pwani mnajiamini: matope ya Weston siyo mchanga wa Raskazone kwenu Tanga. Unatembea vizuri hatua mia alafu ya mia na moja umezama mpaka gotini na maji yanarudi mbio. Vibao vimewekwa, visome. Ukiona watu hawapo sehemu fulani ya ufukwe wakati maji yamekupwa, jua kuna sababu.

Saltburn kule Yorkshire ntaligusia tu. 1869, lilikuwa la mita 457, dhoruba na meli iliyoligonga 1924 vimelibakisha mita 206, lakini ndo gati la kuingia chini yake, mchanga bapa mgumu, nguzo zimepangana mbili mbili zinakwenda zinakutana mwisho kama mlango wa msikiti ndani ya mlango. Treni inafika karibu kabisa, na kuna lifti ya mwambani ya 1884 inayoendeshwa kwa uzito wa maji tu. Ukipata siku ya ziada. Bangor nayo, Wales kaskazini, 1896, halmashauri ya mji iliinunua kutoka halmashauri ya wilaya kwa peni moja miaka ya 70, ina vibanda vya mapaa ya ncha na milima nyuma, tulivu, wengi wanaipita bila kuijua.

Haya, Uskoti, na hapa ndo nakutuma mwezi wa sita, siyo Februari. Swali lako lilikuwa "maziwa", lakini loch, jina la Kiskoti la maziwa hayo, ni neno linalodanganya, mana kuna loch za maji baridi, yasiyo na chumvi, na kuna loch za bahari, vidole vya bahari vilivyoingia milimani, Loch Long, Loch Fyne. Za bahari zina kupwa na kujaa kama kawaida, utaona mwani umeshika nguzo mpaka mstari fulani, na hesabu ni ile ile ya kalenda. Za maji baridi, Loch Lomond, Loch Katrine, hazina bamvua wala maji mafu, adui pale ni upepo. Unataka ziwa liwe kioo, gati lijione lenyewe chini, na hiyo unaipata alfajiri kabla upepo haujaamka. Mwezi wa sita jua linachomoza saa kumi na nusu alfajiri, kwa hiyo lazima ulale pale pale. Gati la Luss pale Loch Lomond ni dogo tu la mbao, kwa macho ya mchana halina maana, lakini alfajiri tulivu na mlima Ben Lomond nyuma, subhanallah. Basi kutoka Glasgow linapita Luss. Balloch unafika kwa treni, na gatini pale imefungwa meli ya mapedeli, yaani magurudumu ya kupiga maji ubavuni, Maid of the Loch, ya 1953.

Loch Katrine nenda kwa ajili ya hadithi. Ile meli ya mvuke Sir Walter Scott iliundwa Dumbarton mwishoni mwa karne ya 19, na ziwa halina njia ya meli kuingia, kwa hiyo waliifungua vipande vipande, wakaipitisha Loch Lomond kwa tishari mpaka Inversnaid, kutoka hapo mikokoteni ya farasi juu ya kilima, wakaiunga tena upande wa pili. Usubi pale mwezi wa sita utakula mzima mzima, siyo utani, ni wadogo kuliko wa kwetu na wabaya zaidi. Chandarua cha kichwa, hata kama unaona haya.

Lakini siku bora Uskoti kwa mtu asiye na gari ni hii: panda treni Glasgow Central, kama dakika 50 unashuka Wemyss Bay. Stesheni hiyo ya 1903, kazi ya James Miller, dari la kioo na chuma linazunguka kama mwavuli, alafu kuna njia pana iliyoezekwa inateremka kwa kupinda mpaka kwenye gati, treni na meli kitu kimoja, hulowi mvua hata tone. Hapo ndo hiyo 24mm yako inapofanya kazi, upana mzima. Pantoni kwenda Rothesay ni dakika 35, na ukifika usicheke, kapige picha choo. Choo cha gatini Rothesay ni cha 1899, marumaru na shaba na vioo, watu wanalipa kuingia kukiangalia tu. Na ukibahatika siku hiyo itapita Waverley, meli ya mapedeli ya mwisho duniani inayobeba abiria baharini, safari yake ya kwanza 1947, na 1974 iliuzwa kwa pauni moja kwa chama cha wapenzi wa meli hizo. Tazama ratiba yake ya kiangazi kabla hujakata tiketi ya treni. Gati la zamani na meli iliyojengewa ndo picha yenyewe, vingine vyote tunavyopiga ni nyumba bila mwenye nyumba.

Mambo ya sheria kwa ufupi. Ukiwa ufukweni au barabarani piga utakacho. Juu ya gati ni mali ya mtu, Clevedon unalipa kiingilio, na wenye gati wanaweza kukataza tripodi au picha za biashara, uliza tu kwa adabu. Watoto wa watu usiwafuate na lenzi. Droni usajili kwanza na usome kanuni, usiruke juu ya watu.

Chumvi ndo itakayokuua lenzi, siyo mvua. Beba vitambaa vitatu vinne vikavu, ukirudi futa kila kitu kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, na miguu ya tripodi uifungue uisuuze. Betri ya pili iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi ya Februari inainywa. Lenzi yako inatosha, usinunue nyingine.

Na hiyo tripodi ya bei ya chini nayo inatosha, ila upepo wa pwani utaiangusha, kwa hiyo chukua mfuko wa supamaketi, jaza kokoto, uning'inize katikati chini ya kichwa chake usiguse ardhi kwa nguvu. Ukimaliza zimwage pale pale ulipoziokota, mana sheria ya kulinda pwani ya 1949 inaweza kukuzuia kuondoka na kokoto za ufukweni, hata moja ya kumpelekea mama Tanga.